Lucky Dube na machalii wa kibanda cha kanda

Kuna nyimbo tulizipenda ujanani kwa sababu ya mdundo, na mdundo ulipopitwa na wakati zikaondoka nao. "Together as One" ya Lucky Dube haikuondoka. Machalii wa umri wangu tuliokulia Arusha tukikutana msibani au harusini hata leo, mtu akaupiga, hakuna anayeuliza huyu ni nani. Na ukisikiliza vizuri utagundua kwamba wengi wetu hatuimbi sehemu ya Lucky mwenyewe. Tunaimba ile ya akina dada waitikiaji, maana ndiyo tuliyoishika yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nataka kumkumbuka mtu huyu inavyostahili. Wengi wanaomwandika wanaanzia kwenye kifo chake na kuishia hapohapo, kana kwamba zile risasi ndizo zilizomfanya awe mtu.

Alizaliwa Ermelo, Afrika Kusini, tarehe 3 Agosti 1964, akalelewa na bibi yake kwa sababu mama alikuwa akifanya kazi mbali na nyumbani. Alianza na mbaqanga, muziki wa Wazulu, akauza vizuri tu. Mwaka 1984 akageukia rege. Rekodi yake ya kwanza ya rege, "Rastas Never Die", iliuza nakala kama 4,000, wakati mbaqanga yake ilizoea kuuza 30,000 hivi, halafu serikali ya makaburu ikaipiga marufuku mwaka 1985. Mtu mwingine angerudi alikotoka. Yeye akaingia tena studio. Mwaka 1987 akatoa "Slave", 1988 "Together as One", 1989 "Prisoner". Hizo tatu ndizo zilizotufikia sisi.

Mimi nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari. Binamu yangu akanichukua kwenye kibanda chake cha kurekodi kanda, jirani na Soko Kuu la Arusha. Runinga hazikuwepo wakati ule, Tanzania Bara ilizipata mwaka 1994, na redio ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Ukitaka kusikia kitu tofauti ulikuja kwetu. Kanda zetu mama, yaani zile za kunakilia, zilikuwa zikitoka Nairobi kupitia Namanga, mikononi mwa makondakta tuliofahamiana nao.

Kazi ilikuwa hivi. Mteja analeta kanda tupu, au mara nyingi zaidi kanda kuukuu yenye mahubiri au taarabu ya mama yake. Zile kanda za dukani huwa zimevunjwa vile vishikio viwili vya juu ili zisirekodiwe tena, kwa hiyo unachukua kipande cha selotepu, unaziba vitundu, unabonyeza kwa kucha mpaka kinyooke. Usipokibana vizuri, mashine inakataa. Unasafisha kichwa cha redio kwa pamba yenye spiriti. Unaweka kanda mama kushoto na ya mteja kulia, unabonyeza vitufe viwili kwa mpigo, unakaa. Hakuna kuharakisha. Wimbo wa dakika nne unarekodiwa kwa dakika nne, na wewe unausikiliza wote, mara ngapi kwa siku sijui. Wakati unasubiri unaandika majina ya nyimbo kwenye karatasi ya ganda, kwa kalamu ya Bic, herufi kubwa. Ndiyo maana hati yangu ni nzuri mpaka leo. Lucky Dube ndiye aliyenifundisha kuandika Kiingereza.

Maana ya maneno nilitafsiriwa na kijana mmoja wa sekondari, jirani yetu wa Kaloleni, aliyekuwa akija jioni kusikiliza bure. Alinieleza kwamba katika "Together as One" Lucky anawaita kwa zamu: wewe rasta, wewe Mzungu, wewe Mhindi, njooni tuwe wamoja. Na kwamba anauliza, ikiwa hata paka na mbwa wamesameheana, sisi tuna nini?

Hapo ndipo niliposhtuka. Shuleni tulikuwa tumefundishwa habari ya ukombozi wa kusini mwa Afrika tangu tukiwa wadogo. Tulijua kwamba wapigania uhuru wa ANC wana shule Mazimbu, Morogoro. Mwezi Desemba 1987 mji wetu wenyewe ulikuwa umepokea mkutano mkubwa wa kupinga ubaguzi wa rangi, Oliver Tambo, kiongozi wa ANC, akahutubia hapahapa. Kaburu tulimjua kwa jina moja tu: adui. Nyimbo zote za ukombozi tulizoimba mstarini zilikuwa za kumpiga. Sasa anakuja mtu wa kulekule, mweusi, aliyezaliwa chini ya buti la kaburu, anamwita Mzungu aje wawe kitu kimoja. Sikujua kama mtu wa namna hiyo anaruhusiwa kuwepo.

Na Arusha yetu haikuwa mbali na maneno hayo. Pale sokoni ulikuwa na Waarusha, Wameru, Wamaasai, Wachaga, Wapare, Wasomali, na maduka ya mjini kati ya Wahindi ambako wengi wetu tuliingia kununua tu, salamu fupi, tukatoka. Kijana mmoja wa Kihindi aliyekuwa akikaa dukani kwa baba yake, duka la vitambaa, alianza kuja kibandani kwa ajili ya Lucky. Mara ya kwanza alisimama nje, akanyoosha kanda yake kupitia dirishani. Baadaye akawa anakalia kreti la soda pamoja nasi, tukifika pale Lucky anapomtaja Mhindi, wote tunamnyooshea kidole, na yeye ananyanyua mikono juu kama aliyefunga goli. Ni jambo dogo. Lakini mimi sikuwahi kabla ya hapo kukaa kreti moja na Mhindi, wala yeye na mimi.

Kitu kingine tulichompendea ni kwamba hakunywa wala hakuvuta. Kwa machalii waliokuwa wakidhani rasta ni bangi tu, hili lilikuwa gumu kumeza. Wengine walikataa katakata, wakasema ni uongo wa magazeti. Lakini "Slave" ukiusikiliza ni kilio cha mtu aliyetawaliwa na pombe, na kuna baba mmoja mtaani kwetu, fundi viatu, aliyeacha gongo mwaka ule. Sisemi ni wimbo uliomwachisha. Mkewe ndiye aliyesema hivyo, alipokuja kutaka arekodiwe kanda nzima yenye wimbo huo mmoja, pande zote mbili.

Basi tukaamini. Lazima niliseme hili wazi, maana vijana wa sasa wanadhani sisi tulikuwa tunacheza tu. Tuliamini kwamba dunia inaelekea kule alikosema Lucky, na kwamba sisi tutaishuhudia ikifika. Februari 1990 Mandela akatoka gerezani, tukasema, mnaona? Kuanzia katikati ya 1992 wajumbe wa serikali ya Rwanda na wa waasi wa RPF wakaanza kuja Arusha kufanya mazungumzo. Madereva wao walishuka sokoni, baadhi yao wakafika kibandani kurekodi muziki wa Kikongo. Tarehe 4 Agosti 1993 mkataba wa amani ukasainiwa hapa mjini. Tulijivuna kana kwamba tumeuandika sisi. Binamu yangu alipiga "Together as One" kutwa nzima siku ile, akakataa kumrekodia mtu wimbo mwingine.

Halafu ikaja Aprili 1994.

Nadhani sijawahi kupona kabisa na mwezi ule, ingawa sikupoteza ndugu. Tulikuwa na redio ya National pale kibandani, betri zake tukizianika juani mchana ili zidumu hadi taarifa ya habari ya usiku. Mwisho wa mwezi, katika taarifa moja, tulisikia habari mbili. Ya kwanza, watu wa Afrika Kusini wamepanga foleni, weusi kwa weupe, wanapiga kura pamoja kwa mara ya kwanza. Ya pili, kwenye daraja la Rusumo, mpakani mwa nchi yetu na Rwanda, watu wapatao 250,000 wamevuka kuingia Ngara ndani ya saa 24. Na nyuma yao walikuwa wakiendelea kuuawa wengine, wanaokadiriwa kufikia 800,000 kabla mambo hayajatulia. Foleni mbili, juma moja. Kule Lucky alikokuwa akikemea, watu walikuwa wakishikana mikono. Kule kulikosainiwa mkataba hapa nyumbani kwetu, majirani walikuwa wakichinjana. Binamu yangu alizima redio. Yule kijana wa Kihindi alikuwepo. Hakuna aliyeongea.

Baadaye niliacha kanda, kanda zenyewe zikaniacha. CD ziliingia, kibanda kikawa cha kuuza simu. Nikajifunza udereva, na miaka ya 2000 nikawa na teksi, kijiwe chetu kikiwa si mbali na jengo la AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa. Humo ndimo ilimokuwa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwishoni mwa 1994. Mwaka 1998 ilikuwa mahakama ya kwanza ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya. Kwetu madereva ilikuwa ofisi inayotoa abiria wazuri. Nakiri nilipita miaka nikipeleka mawakili na wakalimani hotelini bila kuuliza wanafanya nini humo ndani.

Ijumaa, tarehe 19 Oktoba 2007, asubuhi, nilikuwa nafuta vioo nikasikia redioni kwamba Lucky Dube ameuawa usiku wa kuamkia. Rosettenville, Johannesburg. Alikuwa anawashusha watoto wake, majambazi wakataka gari, wakampiga risasi. Miaka 43. Nilimaliza kufuta kioo nilichokuwa nimekianza, nikaingia ndani ya gari nikakaa. Baadaye ilisemwa kwamba wauaji walimdhania Mnigeria. Waliofanya hivyo walikamatwa, watatu, na mwaka 2009 wakahukumiwa kifungo cha maisha. Lakini kabla ya hukumu hiyo, Mei 2008, ilizuka ghasia ya kuwapiga na kuwachoma wageni Afrika Kusini, watu 62 wakafa. Ndiyo maana neno lile kuhusu Mnigeria lilinichoma zaidi ya risasi yenyewe.

Kijiweni watu walibishana sana juma lile. Dereva mmoja, mtu mzima kuliko mimi, aliyewahi kuwa mteja wetu wa kanda, alisema: "Unaona bwana? Kaimba miaka ishirini watu wapendane, kauliwa na watu wake. Muziki ni maneno tu." Na wengi walikubaliana naye. Mimi nilikuwa na hasira lakini sikuwa na jibu.

Jibu nililipata mahali nisipopatarajia. Abiria wangu mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akifanya kazi mahakamani, alinikuta nikisikiliza Lucky ndani ya gari. Akaniambia, "Kaka, unajua humu ndani tuna kesi ya mwanamuziki?" Sikujua. Akanieleza kwamba mtu yeyote anaweza kuingia kusikiliza, akiwa na kitambulisho. Nikaenda.

Unapita getini, unakaguliwa, unapanda juu, unakaa kwenye viti nyuma ya kioo kikubwa. Unapewa hedifoni, unachagua lugha: Kiingereza, Kifaransa, Kinyarwanda. Kiswahili hakuna. Kule upande wa pili wa kioo, majaji wamevaa majoho mekundu na meusi, na sauti ya mkalimani inafika sikioni ikiwa shwari, haipandi wala haishuki, hata anapotafsiri mambo ya kutisha. Mshtakiwa alikuwa Simon Bikindi, mtunzi na mwimbaji maarufu wa Rwanda, aliyekamatwa Uholanzi mwaka 2001. Kesi yake ilianza Septemba 2006. Nyimbo zake zilikuwa zikipigwa na RTLM, ile redio ya chuki. Wataalamu waliitwa kuzichambua nyimbo hizo kwa undani: hapa anamsema nani, hapa historia imepindishwa wapi, msikilizaji wa wakati ule angeelewa nini.

Kiingereza changu cha kwenye maganda ya kanda hakikutosha kufuata yote. Kilitosha kuelewa jambo moja. Majaji wa mataifa mbalimbali, wenye elimu yao, walikuwa wametenga miezi kuchunguza nyimbo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema muziki ni maneno tu.

Hukumu ilitoka tarehe 2 Desemba 2008, miaka 15 jela. Nilimwomba yule mama anieleze vizuri, na ninamshukuru kwa subira yake. Mahakama ilikubali kwamba nyimbo tatu zilizojadiliwa zilichochea chuki ya kikabila na zikatumiwa katika kampeni ya mauaji, lakini haikuridhika bila shaka kwamba alizitunga kwa kusudi la kuchochea mauaji yale. Kilichomfunga ni maneno yake mwenyewe, aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani mwishoni mwa Juni 1994, akiwahimiza Wahutu wawamalize Watutsi. Wapo kijiweni waliosema huo ni ujanja wa mawakili. Mimi naona majaji walitenda haki. Walitofautisha kinachotungwa na kinachofanywa nacho, na hiyo tofauti ndiyo niliyokuwa nikiitafuta tangu asubuhi ile ya kioo.

Nikamrudia yule mzee wa kijiweni. Nikamwambia: kama wimbo mbaya unaweza kubebwa na watu ukafika hadi Rusumo, kwa nini unadhani wimbo mzuri haubebwi? Lucky aliimba. Wa kuubeba tulikuwa sisi. Wapo walioubeba: wale wa foleni ya kura. Wapo waliousikia na kuuacha palepale: wale wenye bastola Rosettenville, ambao nina hakika utotoni waliucheza kama sisi. Yeye akaguna tu, akaniambia nimekuwa mwanasheria siku hizi. Lakini tangu siku ile hakuirudia ile kauli yake mbele yangu.

Nimejifunza kitu kuhusu kizazi chetu pia. Tulidhani kuamini kunatosha. Tulimwachia Lucky aimbe, Mandela afungwe, wajumbe wasaini, na sisi tukajipa kazi ya kushangilia. Kitu pekee nilichokifanya mimi mwenyewe kwa ajili ya wimbo ule kilikuwa kumsogezea kijana wa Kihindi kreti, na nikiangalia nyuma naona hicho ndicho kilichodumu. Bado tunapigiana simu. Baba yake alipofariki nilikaa na wafiwa, na mama yangu alipofariki yeye ndiye aliyeleta turubai.

Mahakama ilifungwa mwishoni mwa 2015. Abiria wale waliondoka, kijiwe kikapungua, nami sasa gari naendeshewa na kijana mwingine.

Mwanangu wa pili anafanya muziki. Ana studio ya chumba kimoja Sanawari, kuta zimebandikwa magodoro, na ana kipaji, nasema hivyo bila upendeleo wa mzazi. Mwezi uliopita aliniletea wimbo mpya kwenye simu. Mapigo safi, sauti safi. Katika ubeti wa pili kuna mstari unaowasema watu wa kabila fulani waliohamia mtaani kwao, kwamba wanazaliana kama panya na wanabana nafasi. Nikamwambia urudie. Akarudia. Nikamwambia uondoe.

"Baba, huo ni utani tu," akasema. "Mbona Wachaga na Wapare mnataniana?"

Nikamweleza kwamba mtani wako anakujibu, na anakuja msibani kwako kukutania mbele ya jeneza. Hawa uliowasema hawakujibu, hawapo kwenye wimbo. Na kumwita mtu panya si utani. Kuna redio iliyowaita watu mende, na nimeona kwa macho yangu kesi zake zilivyosikilizwa hapa mjini. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema mstari ukitoka vina vinavunjika, na vijana wenzake ndio mstari wanaoupenda kuliko yote. Hilo la mwisho ndilo lililoniogopesha.

Hatujaafikiana. Wimbo haujatoka bado. Jumapili atakuja nao nyumbani tuusikilize tena, mama yake awepo, na nimemwalika na yule rafiki yangu wa duka la vitambaa.